Ugonjwa Wangu Ulipatikana Maabara

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Njombe. Naandika haya nikiwa mzima, namshukuru Mungu, kwa sababu wapo watu wa kijijini kwetu wanaoamini hadi leo kwamba nilirogwa, na wapo wanaosema malaria ilinipanda kichwani. Sikurogwa, na malaria haikuwepo. Nilikuwa na fangasi kwenye utando wa ubongo. Wataalamu wanauita ugonjwa huo homa ya uti wa mgongo ya kriptokokasi. Fangasi huyo huwaangusha hasa watu ambao kinga zao zimeshuka sana, na kinga zangu zilikuwa zimeshushwa na VVU. Nataja yote mawili waziwazi, maana nikificha moja, jingine halieleweki, na mtu aliye kwenye njia niliyopita mimi anahitaji kuujua ukweli wote.

Kichwa kilianza kuuma wakati nawaandaa darasa la saba kwa mtihani wa taifa. Mwanzoni Panadol zilinituliza, baadaye hazikufua dafu. Maumivu yalikaa kisogoni na nyuma ya macho, yakizidi alfajiri, na nikiinama tu kuokota chaki nahisi kichwa kinataka kupasuka. Zahanati walinipima malaria, haikuonekana, wakanipa dawa ya mseto kwa tahadhari. Mahali pengine nikaambiwa ni taifodi, nikachomwa sindano. Kwingine wakasema ni macho, nikanunua miwani. Siwalaumu. Walinitibu kwa nia njema watu waliokuwa na vipimo viwili au vitatu mezani, na vipimo hivyo havikutengenezwa kuona kilichokuwa kinaniua.

Siku zilivyokwenda nikaanza kutapika bila kichefuchefu. Nikaanza kuona vitu viwiliviwili: ubao mmoja nauona mbao mbili, mtoto mmoja nauona uso wake mara mbili. Mke wangu anasema nilikuwa namuuliza swali lilelile kila baada ya muda mfupi, naye alipoona sikumbuki hata jina la mtoto wetu wa mwisho, akakodi gari usiku huohuo.

Hospitali ya wilaya ndiko nilikopimwa VVU na kukutwa navyo. Muuguzi aliyenipa majibu alikaa kitandani kwangu, akanishika mkono, akasema, "Mwalimu, hili lina dawa. Tushughulike kwanza na kichwa." Mke wangu naye alipima, majibu yake ni yake, sina ruhusa ya kuyaandika hapa. Kipimo cha CD4, kinachohesabu askari wa kinga mwilini, hakikufanyika kwa sababu vitendanishi vya mashine vilikuwa vimekwisha. Daktari alipoinua kichwa changu akakuta shingo imekakamaa, akasema lazima watoe maji ya uti wa mgongo wayapime.

Hapo ndipo vita ilipoanza, na haikuwa vita ya daktari. Kaka yangu mkubwa alikuwa amefika kutoka Makambako. Kwetu huku inasemwa kwamba aliyechomwa sindano ya mgongo harudi nyumbani, au akirudi anarudi amepooza. Akamwambia mke wangu, "Shemeji, ukisaini hiyo karatasi, umemuua ndugu yangu." Mke wangu akamjibu, "Shikamoo yako nimekupa, kaka, na heshima yako iko palepale. Lakini nisiposaini atapona kwa kitu gani?" Akasaini.

Imani ile ya watu nimeifikiria sana tangu nipone. Haikutoka hewani. Watu waliona kwa macho yao wagonjwa wakichomwa mgongo na kufa baadaye. Lakini wengi wao walifikishwa hospitali wakiwa wamepoteza fahamu, ndugu wakakataa kipimo, wakashauriana, wakaja kukubali mambo yameharibika. Kifo kikahesabiwa kwenye sindano, na siku zilizopotea kabla ya sindano hakuna aliyezihesabu.

Maji yangu yalitoka safi kabisa. Na hili ndilo lililokaribia kunimaliza. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na bakteria mara nyingi huyachafua maji, yakaonekana na ukungu, na chembe nyeupe huwa nyingi. Kwa mtu mwenye VVU aliyeshambuliwa na fangasi huyu, maji yanaweza kuwa safi, chembe chache, sukari na protini karibu na kawaida, kwa sababu kinga yenyewe haina nguvu ya kupigana. Maabara wakayapima kwa wino, kipimo cha zamani kinachotumika katika hospitali zetu nyingi. Hawakuona kitu. Kipimo kingine, cha kijikaratasi kinachotafuta antijeni, yaani vipande vya fangasi huyo, kilikuwa kimekwisha stoo. Faili langu likaandikwa kwamba fangasi hawakuonekana, nikawekewa dripu za dawa ya bakteria, na pembeni wakaanza kuzungumza habari ya kifua kikuu cha ubongo.

Mtaalamu wa maabara wa zamu ile hakuridhika. Alikuja mwenyewe wodini, kitu ambacho watu wa maabara hawakifanyi mara nyingi, akamwita daktari pembeni ya kitanda changu. Mke wangu aliyasikia maneno yake na ameyatunza: "Daktari, wino kukosa hakumaanishi hakuna. Mgonjwa huyu ana VVU, anaona mbili mbili, maji yake ni masafi mno. Mpeleke wakampime antijeni." Daktari alikuwa kijana, na angeweza kujisikia vibaya kuambiwa hivyo mbele ya ndugu wa mgonjwa. Hakujisikia vibaya. Akaandika rufaa.

Tukasafirishwa kwenda Mbeya. Safari yenyewe siikumbuki yote. Nakumbuka matuta ya barabarani, Makambako, Igawa, Chimala, kila tuta nikiomba lisiwe na lingine mbele. Tulipofika Uyole, mlangoni mwa Mbeya, nilikuwa nimeacha kuongea.

Katika hospitali kubwa ya huko walinitoa damu kidogo na kuchovya ndani yake kijikaratasi kile. Baada ya dakika 10 jibu likawa limetoka: mistari miwili, yaani fangasi yupo. Wakatoa tena maji ya mgongo, safari hii wakiwa na bomba la kupimia presha. Presha ya maji hayo kwa mtu mzima mwenye afya kwa kawaida haivuki sentimita 20. Yangu ilipanda ikapita 40. Daktari alimweleza mke wangu kwamba fangasi huziba njia ambazo maji hayo hunyonywa kurudi kwenye damu, yanajaa, na presha hiyo peke yake inaweza kuua hata kama dawa imeshaanza. Wakayapunguza polepole. Kabla sindano haijatolewa nilihisi maumivu yakinishuka, kama mtu aliyetuliwa gunia la viazi begani. Nikauliza hapo ni wapi. Mke wangu akalia kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani.

Sindano ile nilirudiwa mara kwa mara siku zilizofuata, kila presha ilipopanda. Nilifika mahali nikawa naiomba mwenyewe. Kaka yangu, yule aliyeikataa, ndiye aliyekuwa anakimbia kuwaita wauguzi: "Kichwa kimeanza tena, njooni mpunguze maji."

Dawa yenyewe ilikuwa amfoterisini kwa dripu na vidonge vya flusitosini kwa wiki moja, kisha flukonazoli. Ndiyo tiba ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2018, baada ya utafiti uliofanyika Malawi, Zambia, Kamerun na hapa kwetu Tanzania kuonyesha kwamba wiki moja ya dawa hizo mbili kwa pamoja iliokoa watu wengi kuliko utaratibu wa zamani. Amfoterisini ni dawa ya njano. Muuguzi alikuwa anaichanganya kwenye maji ya sukari, si ya chumvi, maana kwenye chumvi huharibika, kisha anaivalisha chupa mfuko mweusi ili mwanga usiiguse, akaiacha idondoke kwa saa kadhaa. Kabla yake ananitundikia lita nzima ya maji ya chumvi yenye potasiamu ili kuzilinda figo. Saa ya kwanza ikipita, mwili mzima unatetemeka, meno yanagongana, blanketi tatu hazitoshi. Nilikuwa nafahamu kwa nini wagonjwa wengine huichomoa. Dawa hii huumiza figo, humaliza potasiamu na hupunguza damu, kwa hiyo damu yangu ilirudi maabara tena na tena kuangaliwa. Kuna siku potasiamu ilishuka hadi moyo ukaanza kwenda kombo, na aliyeligundua hilo hakuwa aliyenitazama kitandani, alikuwa aliyesoma namba mezani kwake.

Kitanda cha jirani alilazwa kijana wa bodaboda. Aliletwa amezimia, na ndugu zake walikuwa wamemzungusha kwenye maombi na kwa waganga kwa muda mrefu. Wao pia walikataa sindano ya mgongo. Madaktari waliwabembeleza, wakakubali kesho yake jioni, kijikaratasi kikaonyesha mistari miwili, dawa ikaanza. Alfajiri alikuwa ameshafariki. Mama yake alinipa chupa ya chai aliyokuwa amemletea mwanawe. Sijui jina la kijana huyo, lakini ushuhuda huu nauandika kwa ajili yake kama ninavyouandika kwa ajili yangu.

Wageni walikuja na maelezo yao. Jirani yangu mmoja aliposikia kwamba fangasi huyu hupatikana kwenye kinyesi cha njiwa, akataka kuwachinja njiwa wake wote. Nilimwomba awaache. Yupo kwenye kinyesi cha njiwa, ndiyo, na yupo kwenye udongo na kwenye miti iliyooza. Tunamvuta kwa pumzi bila kujua, na mwenye kinga nzuri humfungia mapafuni asimdhuru. Kuua njiwa wa kijiji kizima kusingerudisha kinga ya mtu hata mmoja.

Jambo lililomsumbua zaidi kaka yangu ni ARV. Tuliambiwa nisianze hadi wiki nne mpaka sita za kutibu fangasi zipite. Akaona ni uzembe: mtu ana VVU, dawa za bure zipo, mnasubiri nini? Daktari alimkalisha chini. Akamwambia kwamba kinga ikiamshwa ghafla wakati ubongo bado umejaa fangasi, vita inayopiganwa humo ndani inaweza kumuua mgonjwa. Utafiti uliofanywa Uganda na Afrika Kusini, uliochapishwa 2014, ulionyesha kwamba waliongoja kama wiki tano walipona wengi kuliko walioanzishwa mapema. Kaka alinyamaza, kisha akaomba aandikiwe tarehe yangu ya kuanza kwenye karatasi yake. Akaitunza kwenye pochi.

Nilipopata nguvu za kutembea nilirudi hospitali ya wilaya kumshukuru yule mtaalamu wa maabara. Nilimkuta anafuta hadubini. Nikamwambia mimi ni mwalimu, anifundishe. Akanionyesha slaidi ya mgonjwa mwingine, jina limefichwa. Tone la maji ya mgongo, tone la wino mweusi, kioo chembamba juu. Nikaweka jicho. Palikuwa na weusi mtupu, na ndani yake viduara ving'avu, kila kimoja kikiwa na kiini katikati na pete pana ya mwanga kukizunguka. Pete hiyo ni koti la sukari ambalo wino hauwezi kulipenya. Alinieleza kwamba fangasi wakiwa wachache unaweza kupekua slaidi nzima usikutane na hata mmoja, na ndivyo ilivyokuwa kwangu. Katika utafiti mmoja wa Uganda na Afrika Kusini, wino uliwakosa wagonjwa kama 14 katika kila 100, wakati kipimo cha kijikaratasi hakikumkosa hata mmoja kamili katika 100.

Kijikaratasi hakitafuti fangasi mwenyewe. Kinatafuta vipande vya lile koti la sukari, ambavyo humwagika kwenye damu na kwenye maji ya mgongo. Unaweka tone la kimiminika chake kwenye kichupa, unaongeza damu au maji kidogo sana, maikrolita 40, unachovya, unangoja dakika 10. Hakihitaji umeme wala friji. Bei yake ni dola chache za Marekani. Alinifundisha pia jambo ambalo hata baadhi ya matabibu hawalijui: fangasi wakiwa wengi kupita kiasi, kijikaratasi kinaweza kuzidiwa kikaonyesha kwamba hakuna ugonjwa. Mtu wa maabara mwenye mashaka huipunguza nguvu sampuli kwa kuichanganya na kimiminika, akapima tena. Na kikishasema ndiyo, kitaendelea kusema ndiyo kwa miezi mingi hata fangasi wakiwa wamekufa, kwa hiyo hakitumiki kujua kama mtu amepona. Nilikuwa nimeogopa sana waliponipima mahali pengine baadaye nikaona mistari ileile miwili. Anayejua kama fangasi bado hai ni aliyeotesha maji ya mgongo kwenye sahani ya maabara, akaiangalia hadi wiki mbili. Yangu haikuotesha kitu.

Kisha akaniambia jambo ambalo ndilo hasa limenifanya nishike kalamu. Vipande vya koti lile huonekana kwenye damu wiki kadhaa kabla kichwa hakijaanza kuuma. Yaani siku nilipokuwa nasimama darasani nikiwa mzima, kabla ya Panadol, kabla ya miwani, damu yangu tayari ilikuwa na jibu. Mtu akikutwa wakati huo, na maji yake ya mgongo yakiwa bado hayana fangasi, hutibiwa kwa vidonge vya flukonazoli akiwa nyumbani kwake. Hakuna dawa ya njano, hakuna mtetemo, hakuna Uyole.

Nchi yetu haikuhitaji kuambiwa hili na mtu wa nje. Kati ya tafiti zilizolithibitisha, mmojawapo ulifanyika Dar es Salaam na Lusaka, ukachapishwa 2015, ukiongozwa na Mtanzania, Profesa Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Watu wapatao 2,000 wenye CD4 chini ya 200 walishiriki. Waliopimwa kriptokokasi na kutembelewa nyumbani na wahudumu wasio wauguzi wala madaktari katika wiki za mwanzo za ARV walikufa kwa asilimia 28 pungufu kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Wakati huohuo, makadirio yaliyochapishwa 2022 yanasema ugonjwa huu bado unaua watu 112,000 duniani kila mwaka, karibu mmoja kati ya kila watano wanaokufa kwa UKIMWI, na wengi wa wagonjwa wako Afrika kusini mwa Sahara.

Kinachotukwamisha, kwa maoni yangu, ni hiki. Tangu ARV zianze kutolewa kwa kila mwenye VVU bila kungoja CD4 ishuke, jambo jema kabisa, kipimo cha CD4 kilianza kuonekana si cha lazima. Mashine zikakaa bila vitendanishi. Lakini bila CD4 hakuna anayejua nani apimwe fangasi. Mtu mwenye 60 na mtu mwenye 600 wanakaa benchi moja, wanapewa kopo moja la dawa, wanaambiwa waje mwezi ujao. Shirika la Afya Duniani linataka mwenye CD4 chini ya 100 apimwe antijeni ya kriptokokasi, na limeshauri hata walio chini ya 200 wafikiriwe. Njia rahisi kuliko zote ni maabara yenyewe kuchukua damu iliyobaki kwenye kichupa cha CD4 na kuichovya kijikaratasi, bila kungoja daktari aandike wala mgonjwa arudi. Na pale mashine ya CD4 haipo, sasa kuna kipimo cha haraka kinachoonyesha tu kama uko juu au chini ya 200. Hakuna sababu ya maana ya hospitali ya wilaya kukosa vijikaratasi hivi viwili.

Matibabu nayo yamepiga hatua tangu niugue. Utafiti wa nchi tano za Afrika, Uganda ikiwemo, uliochapishwa 2022, ulionyesha kwamba dozi moja kubwa ya amfoterisini ya aina mpya, ikifuatwa na vidonge kwa wiki mbili, inafanya kazi sawa na wiki nzima ya dripu, na inadhuru kidogo kuliko hiyo. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likaifanya ndiyo tiba ya kwanza. Dawa hiyo ni ghali. Nawaomba wanaopanga bajeti ya dawa waizungumze kama tunavyozizungumza ARV, maana haina faida kumgundua mtu leo na kumzika wiki ijayo dawa ikiwa bandarini.

Leo nafundisha. Jicho la kushoto bado linachoka upesi, na nilikunywa flukonazoli kila siku hadi kinga ilipopanda na kukaa. VVU kwenye damu yangu havionekani tena kwa kipimo.

Wewe unayehudhuria kliniki ya tiba na matunzo, au uliyekutwa na VVU wiki hii, au uliyeacha dawa na sasa umerudi, uliza maswali mawili kabla hujaondoka: CD4 yangu ni ngapi, na kama iko chini ya 200, damu hiyohiyo imepimwa kriptokokasi? Uliza hata kama kichwa hakikuumi. Na wewe uliyekalishwa na daktari akakwambia ndugu yako anahitaji kutolewa maji mgongoni, saini siku hiyohiyo.